Mvua za Uhuru na Asili ya Mfuko Wetu wa Maafa



Kila mwaka kijitabu hiki huchapisha hesabu za fedha, majina ya waliotutoka, na orodha ya watoto waliosaidiwa karo. Lakini juu ya Mfuko wa Maafa, ambao ndio unaokula sehemu kubwa ya michango yetu, hatujapata kuandika neno isipokuwa jumla yake. Vijana wengi wanaotoa ada hawajui kwamba mfuko huo ulizaliwa na mvua. Wala hawajui kwamba mvua yenyewe ilizikuta nyumba zetu zimekwisha kugawanyika zamani, mume mjini na mke kijijini. Halmashauri imetutaka tuyaandike mambo hayo mwaka huu, wakati wale walioyaona kwa macho wangali nasi, maana idadi yao yapungua. Tumekaa na wazee wachache, tumesoma tulivyoweza kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Yafaa tuanze na reli, ingawa habari yetu ni ya maji. Njia ya reli iliyotoka Mombasa ilifika ufukoni kwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Nchi yetu wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na mwaka uliofuata, 1902, ikahamishiwa upande huu. Reli ilipokwisha kujengwa ilitaka watu wa kuitumikia, na Serikali nayo ilitaka fedha. Kodi ya nyumba ikaanza kutozwa miaka ile ile, kila nyumba kwa hesabu yake, hata mwenye wake watatu akalipa mara tatu. Na 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikuwako kijijini. Ilikuwako relini, bandarini, katika mashamba ya walowezi, na baadaye Nairobi. Basi wanaume wakaifuata.

Waliokwenda walifungwa kwa sheria. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na kipande, kilichotungiwa sheria 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, kilimwezesha tajiri kumsaka mtu aliyetoroka toka mji hadi mji. Wazee wetu hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1921 walikusanyika Lundha katika nchi ya Gem, katika harakati iliyokuja kuitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema, wakalalamikia kodi, kipande na kazi za lazima. Mwaka 1923 chama chao kikaingia chini ya malezi ya Archdeacon Walter Owen wa misheni ya CMS, kikaitwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, nacho kikaelekezwa zaidi katika mambo ya afya, kilimo na usafi wa nyumba. Wako wasemao kwamba hapo kilipunguzwa makali. Labda ni kweli. Lakini hapo ndipo tulipojifunza kuandika kumbukumbu za mikutano, kutunza daftari la fedha, na kudai haki kwa barua, na hata leo twaishi kwa elimu hiyo.

Jambo lililotuumiza kwa muda mrefu kuliko kipande lilikuwa jepesi kulieleza. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikadiriwa kana kwamba hana mke wala mtoto. Tajiri alihesabu posho ya mtu mmoja, blanketi la mtu mmoja, na nafasi ya kitanda kimoja. Mke na watoto walidhaniwa kulishwa na shamba la nyumbani. Nyumba za wafanyakazi wa Nairobi zilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Katika landi za reli na katika mitaa ya baraza la mji, chumba kimoja kiligawiwa wanaume kadhaa, kila mtu na kitanda chake. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa mmoja wa mitaa ya kwanza iliyofikiriwa kwa ajili ya mtu pamoja na jamaa yake, na waliopata nyumba huko walionekana kuwa watu wenye nyota njema. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, ile iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri jambo hilo katika maandishi ya Serikali yenyewe: karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya wale wa idara za Serikali, walipata mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima. Kamati ikashauri mshahara wa chini uhesabiwe kwa kipimo cha mtu mwenye jamaa. Ushauri ulikuwa mzuri. Utekelezaji wake ulikwenda mwendo wa kinyonga.

Makarani, ambao kazi yao twaijua, walikuwa na kinyongo chao cha pekee. Tume ya Holmes ya 1948 ilishikilia kwamba katika utumishi wa Serikali mshahara wa asiye Mzungu uwe sehemu tatu katika tano za ule wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyoondoa hesabu hiyo. Lakini kuiondoa katika karatasi ni jambo moja, na kuiondoa mezani ni jambo la pili. Wazee wametueleza jinsi walivyomfundisha kijana mgeni namna ya kutunza daftari la bohari, na baada ya miezi michache kijana huyo akawa ndiye atiaye sahihi ruhusa zao za likizo. Walivaa tai, waliandika Kiingereza safi, na jioni walirudi kulala watu wanne katika chumba kimoja.

Huku nyumbani mke ndiye aliyekuwa mke na mume. Yeye ndiye aliyelima, aliyepalilia, aliyekwenda kwa chifu na risiti ya kodi, aliyempeleka mtoto hospitali. Mume alikuja mara moja kwa mwaka, mara nyingine kwa miaka miwili. Kati ya safari hizo palikuwa na barua na hawala ya posta. Mke asiyejua kusoma alisomewa na mtoto wa shule, kwa hiyo maneno ya siri ya mume na mke yalipitia kinywani mwa mtoto wa darasa la nne, na wazee wanacheka hata leo wakikumbuka yaliyorukwa na yaliyoongezwa.

Yatupasa kusema wazi hapa kwamba vyama vyetu vya ustawi vya miaka ya 1940 na 1950 vilipoteza nguvu nyingi katika kuwakamata wanawake waliokuja mjini na kuwarudisha makwao kwa gari la moshi, kwa kisa kwamba wanaharibu jina la kabila. Baadhi ya wanawake hao walikuwa wamekuja kuwatafuta waume waliokwisha kusahau kuandika. Hatuwahukumu wazee wetu, maana nyakati zao zilikuwa ngumu. Lakini kwa maoni yetu kazi ile haikuwa ya haki, na aliyerudishwa kwa nguvu ndiye aliyekuja kuyapokea maji ya 1961.

Sasa tuieleze nchi yenyewe, kwa ajili ya wale waliozaliwa mjini. Uwanda wa Kano uko mashariki ya Kisumu, umezungukwa na genge la Nandi upande wa kaskazini na milima ya Nyabondo upande wa kusini. Mto Nyando huteremka kutoka nchi za juu kwa kasi, ukichukua udongo mwingi. Ukifika uwandani mwendo wake hupungua, na udongo ule hutuama. Hivyo mto hujijaza wenyewe, na mvua ikizidi kidogo maji hutoka nje ya kingo. Ardhi ni ya mfinyanzi mweusi: wakati wa jua hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na wakati wa mvua haimezi maji, bali huyashika juu kama sinia. Chini kabisa, kuelekea ziwa, yako mafunjo.

Wageni huuliza kwa nini watu wakae mahali pa namna hiyo. Swali hilo huulizwa na mtu asiyelima. Maji yanapokuja kwa kiasi huleta rutuba, na kambare na kamongo hupanda nayo hata mashambani, mtoto akawaokota kwa kikapu. Kumbukumbu zataja mafuriko ya 1937, 1947, 1951 na 1957 hadi 1958, na baada ya kila moja watu walirudi wakapanda. Walijua pa kuipeleka ng'ombe, walijua pa kuinua nafaka. Walichokuwa hawakijui ni maji yasiyoondoka.

Mwaka 1960 na sehemu kubwa ya 1961 Kenya ilipatwa na ukame mkali. Nchi ya Wamasai ilipoteza ng'ombe wengi mno, na chakula cha msaada kililetwa kutoka ng'ambo, yakiwamo mahindi ya njano ya Marekani, ambayo wengi waliyala kwa kusitasita. Ndipo mwezi wa Oktoba 1961 mvua ikaanza, na haikukatika Novemba wala Desemba. Nchi iliyokuwa ikiomba maji ikafunikwa nayo. Mto Tana ulifurika hata sehemu za mashariki zikakatika na dunia. Barabara nyingi zikaharibika. Ndege za jeshi la Uingereza zikadondosha magunia ya chakula mahali pasipoweza kufikiwa kwa gari. Kwetu Nyando ukavunja kingo zake, na katika Bunyala mto Nzoia ukafanya vile vile. Kwa kuwa siku zile kila mdomo ulikuwa ukitaja uhuru, Jomo Kenyatta akiwa amefunguliwa mwezi wa Agosti na Tanganyika ikipandisha bendera yake tarehe 9 Desemba, watu wakaziita mvua za Uhuru. Jina hilo halikutolewa kwa furaha peke yake.

Hapa tutaeleza habari za nyumba moja, tuliyosimuliwa na mzee mmoja wa Chama hiki na mkewe, ambao wote wawili wametupa ruhusa ila wameomba majina yao yasiandikwe. Mzee alikuwa karani wa bohari Nairobi, mwenye umri wa miaka 25; mkewe alikuwa Kano na watoto wawili, pamoja na mama mkwe. Habari za maji alizipata kwanza katika gazeti la Baraza, kisha kwa msafiri aliyekuja na basi. Siku ya pili yake aliandika barua ya kuomba ruhusa ya siku kumi. Barua ile aliiandika kwa mkono mzuri, akaeleza jina la mto, umbali wa nyumba na mto, na idadi ya watu wa nyumba. Msimamizi wake, ambaye hatumtaji wala hatuitaji kampuni yake, akamjibu kwamba livu yake iko mwezi wa Aprili. Kwamba ruhusa ya ghafula hutolewa kwa msiba. Na kwamba mafuriko si msiba mpaka pawe na mtu aliyekufa. Akamwuliza, je, yuko aliyekufa? Mzee akajibu kwamba hajui. Akaambiwa arudi atakapojua.

Waweza kusema angeondoka tu. Wengine waliondoka, na waliporudi walikuta meza zao zina watu. Mzee alipima: mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa karo ya ndugu zake wawili, na ndio uliokuwa utajenga nyumba upya kama imeanguka. Akabaki. Akatuma hawala ya posta yenye karibu mshahara wake wote wa mwezi, akakopa chakula kwa wenzake wa chumba. Lakini njia kutoka Kisumu hadi kwao ilikuwa imekatika, na karatasi ya hawala ikakaa posta majuma mengi, mwenyewe asiweze kuifikia. Kwa hiyo Nairobi palikuwa na mtu mwenye njaa, Kano palikuwa na watu wenye njaa, na fedha yao ililala katikati, salama kabisa, chini ya kufuli ya Serikali.

Mkewe naye ametusimulia upande wake, na hapo mumewe alinyamaza akasikiliza. Maji yalikuja usiku, bila kelele, yakipanda kama maziwa katika sufuria. Kitu cha kwanza alichokiinua kilikuwa mtama wa mbegu, kabla ya nguo na kabla ya sahani, maana nguo hununuliwa na mbegu ya mahali pale hainunuliwi. Cha pili kilikuwa moto. Aliweka makaa katika chungu, akakipandisha juu ya dari. Mama mkwe alikaa juu ya meza aliyoileta mwanawe kutoka Nairobi, na kwa siku mbili hakushuka. Kuta za udongo zikaanza kulainika kutoka chini. Siku ya tatu shemeji wa jirani alikuja na mtumbwi, mahali ambapo wiki mbili nyuma walikuwa wakichunga mbuzi, akawachukua hadi shule iliyokuwa mahali pa juu kidogo. Humo darasani walilala watu wa nyumba nyingi, na usiku mbu waliwala mpaka watoto wakawa hawalii tena. Vyoo vilikuwa vimefurika. Homa ikaingia, na kuhara kukaingia.

Ndipo yule mama akafanya jambo lililozungumzwa ukooni kwa muda mrefu kuliko mafuriko yenyewe. Ng'ombe wao walikuwa wamepelekwa chini ya genge la Nandi kwa jamaa wa upande wa mama yake. Kati yao alikuwamo mtamba aliyetolewa katika mahari ya dada ya mumewe, naye alikuwa amewekwa kwa ajili ya ndoa ya shemeji yake mdogo. Mama akatembea matopeni siku nzima, akamwuza mtamba huyo kwa mfanya biashara, akanunua mahindi, dawa ya homa na mablanketi. Hakuomba ruhusa ya mtu, maana wa kuombwa alikuwa Nairobi, na barua haiendi. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa ya siku ya tano. Akapona.

Barua ya kumpasha mumewe habari ilifika Nairobi mwezi wa Januari 1962. Mzee ametuambia kwamba aliposoma habari ya mtamba alikasirika kuliko alivyokasirika juu ya nyumba. Tulimwuliza sababu. Akafikiri, akasema kwamba nyumba ilikuwa imeangushwa na Mungu, lakini mtamba alikuwa ameuzwa na mtu aliyetenda kama kwamba yeye, mume, hayuko. Na lililomchoma ni kwamba ilikuwa kweli. Shemeji mdogo alipeleka shauri kwa wazee wa ukoo. Wazee wakakaa, wakamsikiliza yule mama akisimama mbele yao, jambo lisilokuwa la kawaida, wakakata kwamba mtamba alipwe kutoka katika mshahara wa Nairobi, na kwamba mke asilaumiwe. Deni likalipwa kidogo kidogo mpaka 1963.

Sasa twafika kwenye Chama. Mwezi wa Desemba 1961, wakati wanaume kama huyo walipokuwa wakizunguka Nairobi bila ruhusa na bila habari, walianza kukutana Jumapili baada ya ibada, kwanza Makongeni, baadaye Kaloleni. Walikuwa Waluo, Waluhya na Wasuba, watu wa mito na watu wa ufuko, na kwa sababu hiyo daftari la kwanza liliandikwa kwa Kiswahili kama lilivyo leo. Walikubaliana kila mtu atoe shilingi moja kwa mwezi, na apewe ujumbe mtu mmoja anayekwenda likizo awapelekee fedha na barua za wenzake kwa mkono. Mpango huo wa mjumbe ulifanya kazi kuliko posta, maana mjumbe alijua njia za miguu. Alirudi na habari za kila nyumba: nani yuko shuleni, nani kanisani, nani amehamia kwa wajomba, nani amefariki. Wazee wanasema siku aliporudi mjumbe wa kwanza, hakuna aliyekwenda kula mchana.

Ugomvi ulikuwako pia. Watu wa Bunyala walisema Kano imepewa zaidi. Wa Kano walisema wao ni wengi. Wengine walitaka fedha itumike kununua majeneza tu. Na lilikuwako swali la nani aipokee. Kanuni iliyopitishwa 1962 ilisema kwamba msaada utalipwa kwa mwanachama mwenyewe, aliye mjini na ambaye ada yake imekamilika, kwa sahihi yake. Kanuni hiyo ilitungwa ili kuzuia udanganyifu, na ilizuia. Lakini tazameni jinsi ilivyokuwa: fedha ya maafa ilitoka katika mfuko Nairobi, ikalipwa kwa mtu aliye Nairobi, naye ndiye aliyeipeleka kwa yule aliyesimama majini. Mume mwema aliituma yote. Si wote waliokuwa wema.

Mvua ilipokatika watu walidhani mambo yamekwisha, lakini ziwa lenyewe lilikuwa limeanza kupanda. Tangu mwisho wa 1961 hadi mwezi wa Mei 1964 maji ya ziwa Victoria yalipanda karibu mita mbili na nusu. Kwa mtu aliyezoea kuliona ziwa likipanda na kushuka kiasi cha kiwiko, jambo hilo halikuwa na mfano. Mashamba ya ufukoni, mafunjo, makaburi ya wazee yaliyokuwa katika miji yao, vyote vilifunikwa polepole bila dhoruba yoyote, na watu waliokuwa wamekwisha kuhama mara moja wakahama mara ya pili. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera yetu ilipopandishwa, jamaa wengi wa ufukoni walikuwa katika vibanda vya muda.

Hapo pakatokea taabu ambayo tajiri wa Nairobi asingeweza kuielewa hata angetaka. Kwa desturi ya Waluo, mji mpya, yaani dala, hauanzishwi na mwanamke peke yake. Ni lazima mume mwenyewe aende alfajiri mahali papya, pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza, na jogoo na shoka na moto, nyumba ya kwanza isimame siku hiyo hiyo, nao walale humo. Bila hivyo mahali hapo si kwao. Basi mama aliweza kuokoa mbegu, kuuza ng'ombe na kuwatibu watoto, lakini hakuweza kupata mahali pa kuita nyumbani mpaka livu ya mumewe ifike. Mzee wetu alipata yake mwezi wa Aprili 1962, kama alivyoandikiwa, wakati mvua za masika zinaanza. Alifanya kazi ya desturi katika siku ya kwanza, akaezeka katika siku zilizobaki, akarudi kazini na malengelenge mikononi. Wengine walingoja miaka miwili. Ukoo mmoja uliotusimulia uliamua kwamba kibanda cha mafuriko kisihesabiwe kuwa dala, ili aliyezaliwa au kufariki humo asije akaonekana kuwa amevunja mwiko. Hekima hiyo iliponya mioyo mingi.

Kuhusu sababu ya maji yale, wakati huo wengi waliulaumu ukuta wa Owen Falls kule Jinja, uliofunguliwa 1954, wakasema Waganda wamelifunga ziwa. Dhana hiyo ilikuwa na akili, ila haikuwa sawa. Maji ya pale yalikuwa yakitolewa kwa kipimo kilichokubaliwa na Misri, kulingana na jinsi mto Nile ulivyokuwa ukitoka zamani. Lililolijaza ziwa ni mvua. Na mvua yenyewe, kama wataalamu walivyoeleza tangu 1999, ilitokana na hali ya bahari ya Hindi: maji ya upande wetu wa Afrika hupata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Sumatra hupoa, na mawingu mengi husukumwa kuja huku. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo 1997, na tena 2019. Baada ya hiyo ya 2019 ziwa likapanda 2020 hata kufikia kipimo cha 1964, na watoto wa wale waliohama wakahama kutoka viwanja vile vile. Katika Kano mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, yameonyesha kwamba maji ya Nyando yaweza kuongozwa mahali fulani. Lakini mto haujaacha desturi yake.

Sheria ya kazi nayo imebadilika. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo kwa mwaka pamoja na mshahara wake, jambo ambalo karani wa 1961 angeliona kuwa ndoto. Ila siku za kwenda kuokoa nyumba iliyoingiwa na maji bado hutegemea moyo wa msimamizi. Tunajua wanachama walioomba ruhusa 2020 na tena 2024, na majibu waliyopata baadhi yao hayakuwa mbali na lile la miaka sitini iliyopita, isipokuwa yaliandikwa kwa simu.

Fedha siku hizi hufika Kano au Bunyala kwa dakika moja, kwa simu ya mkononi, na mjumbe wa miguu haitajiki. Lakini kanuni ya 1962 haijabadilishwa hata neno. Mpaka leo msaada wa Mfuko wa Maafa hulipwa kwa mwanachama aliye mjini, kwa sahihi yake. Mwaka huu wake wanane wa wanachama wameiandikia Halmashauri, kwa mikono yao wenyewe, wakiomba kwamba aliye nyumbani siku ya maji aweze kudai na kulipwa moja kwa moja kwa jina lake, pasipo kungoja sahihi ya Nairobi. Wa kwanza kutia sahihi katika barua hiyo ni yule mama wa mtamba. Barua yote imechapishwa katika ukurasa unaofuata, na hoja itasomwa katika Mkutano Mkuu mara baada ya hesabu za Mweka Hazina.